Chumba Kisicho na Upepo

Asubuhi ile ya kipupwe, upepo wa Ufipa ulikuwa ukiingia kila pahali bila kubisha hodi. Vifaranga wa mama walikuwa njiani kutoka Mbeya, ndani ya boksi lenye matundu, na basi lingefika Sumbawanga jioni. Hapa kwetu Pito hatukuwa bado na mahali pa kuwalea.

Mimi nilikuwa na chumba. Kilikuwa kidogo, chenye dirisha linaloupa upepo mgongo, na ndani yake nilikuwa naandika riwaya iliyokuwa imeanza kunipenda. Nilijua mama akikitazama vizuri nimekwisha.

“Jiko la nje,” nikapendekeza.

“Moshi. Wataumwa kifua.”

“Stoo ya mahindi.”

“Panya watafanya sherehe.”

“Sebuleni, basi.”

“Jumuiya ikija kusali ikae wapi? Juu ya vifaranga?”

Kisha akawasha mshumaa. Kifaranga akipigwa na upepo haponi, alisema, na upepo mwembamba jicho haliuoni, mwali ndio unaouona. Akaanza kuzunguka nyumba. Sebuleni mwali ukalala. Stoo ukazimika kabisa, akauwasha tena. Nikakimbilia chumbani, nikajitupa kitandani chali, nikajifunika blanketi hadi kidevuni na kufumba macho. Nilikuwa nimegoma.

Mama akaingia hata hivyo. Akapima pembe zote, akamalizia kichwani pangu, akasimama, mshumaa mkononi.

Hapo ndipo jirani yetu, mwenyekiti wa jumuiya, alipochungulia mlangoni.

“Tumsifu Yesu Kristo,” akasema, na sauti ikamkatika. Aliona mshumaa mchana, aliona blanketi, aliona macho yangu yamefumbwa. Akapiga magoti, akaanza Salamu Maria.

Sasa, kwetu sala haikatizwi. Mama akapiga magoti naye, mshumaa bado mkononi. Mimi ningefanya nini? Mtu anayeombewa hawezi kuinuka katikati na kusema hajambo. Nikalala, nikaitikia kwa midomo tu, na hilo likamliza jirani. Akaongeza litania. Akawataja watakatifu ambao sikujua kama wapo.

Alipomaliza, akamwuliza mama taratibu, “Ameanza lini?”

“Ameanza nini?”

“Kuumwa.”

“Huyu haumwi. Ananinyima chumba cha vifaranga.”

Nikafumbua macho, nikamgeukia jirani. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” akanijibu, akinitazama kama mtu aliyeibiwa machozi. Mama akamweleza habari za upepo na mwali. Jirani akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akafikiri.

“Lakini dada,” akasema, “litania yote ile, na moto wako haukutikisika hata mara moja.”

Mama akanigeukia. Nilianza kukunja blanketi.

Hadi basi linafika, meza yangu ilikuwa jikoni, na chumbani maranda yalikuwa yametandazwa sakafuni, maboksi yamepindwa kuwa duara ili wasibanane pembeni na kukanyagana, taa ikining’inia katikati. Vifaranga walimwagwa humo kama punje za dhahabu. Hawakujikunyata chini ya taa, wala hawakuikimbia; joto lake liliwatosha. Walitawanyika, wakala, wakalala wenyewe, mmoja mmoja. Mama alichuchumaa akiwatazama kwa uso ambao sura ya kwanza ya riwaya yangu haikuwahi kuupata.

Jikoni vidole vilikufa ganzi. Nikarudi kufuata koti, nikasimama kizingitini, nikawatazama kidogo.

“Ingia au toka,” mama akanong’ona. “Unawaingizia baridi.”