Chakula cha Bihogo

Raisa, muuza mawese wa soko la Rumonge, alimpata ng'ombe wake Bihogo katika chama chao cha wanawake. Unapewa mtamba, akizaa jike unampa anayekufuata. Aliyemfuata Raisa alikuwa shoga yake Aliya, jirani wa ukuta kwa ukuta. Siku hizi ng'ombe hazururi, anakaa bandani analetewa, na Raisa asubuhi yuko sokoni. Basi kazi ya kulisha akamkabidhi Aliya. "Nani atamlisha vizuri kuliko anayengoja ndama?" alisema. Loo! Hapo ndipo alipokosea, na mimi ningekosea vilevile.

Kila jioni Raisa alirudi na mfuko wa mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, ameufunga kwa kipande cha kitenge chake cha zamani. Aliya alipokea kwa mikono miwili. "Murakoze, dada. Nitamupa kesho asubuhi."

Bihogo akapandishwa, hakushika mimba. Akapandishwa tena, wapi! Mbavu zikaanza kuonekana. Aliya ndiye aliyelia zaidi: "Masikini Bihogo, iko na mukosi gani?" Raisa akawa anambembeleza yeye. Jamani, mfiwa anampa pole mgeni!

Akaitwa Tarsisi, veterineri. Alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa kizazi taratibu.

"Hii ng'ombe si tasa, mama," akasema. "Vifuko vya mayai vinaanza kukua, halafu vinakufa humohumo ndani kabla ya kuiva. Mwili wenye njaa hautengenezi mutoto. Mulishe."

"Njaa? Na mashudu yote yale?" Raisa akamgeukia mwenzake. "Aliya, si anakula?"

"Anamaliza yote," Aliya akajibu, macho chini.

Habari ikafika chamani. Kanuni yao ilikuwa wazi: ng'ombe asiyeshika anahamia kwa anayefuata. Lakini wanawake hawakuishia hapo. "Anakula yeye, ng'ombe anakonda," walisema mbele ya Raisa. Akamtazama Aliya, amtetee japo kwa neno moja. Aliya alikuwa anarekebisha mtandio wake.

Bihogo akahama. Jioni ile Raisa, na uchungu wake wote, alifunga mfuko wa mwisho akaupeleka kwa shoga yake, maana ng'ombe hana kosa. Aliya hakuwapo. Raisa akaingia kwenye banda jipya, akatafuta pa kuuweka.

Nyuma ya mlango kulikuwa na mifuko imepangwa hadi karibu na paa. Kila mmoja umefungwa kwa kitenge chake, fundo lake mwenyewe, haujafunguliwa. Aliya hakuuza hata mmoja. Alikuwa anamwekea Bihogo akiba ya siku atakapokuwa wake.

Raisa alikaa chini kwenye nyasi. Kunyang'anywa ng'ombe kuliuma, lakini hili lilimkata maini. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyekuwa akikifungia kwa nguo yake.

Aliya akatokea mlangoni. Raisa hakumtukana. Alifungua fundo la kwanza, akamwaga mashudu horini, na Bihogo akala bila kuinua kichwa.

"Kula, mama," Raisa akamwambia ng'ombe. "Hapa utazaa."