Paka kwenye Mzani

Jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo, mama mkubwa aliamua kurudi kwao Kasai kwa ndege, yeye na paka wake. Uwanjani, karani alisoma masharti kwa Kifaransa nami nikamfafanulia mama mkubwa: paka awe ndani ya kikapu kilichofungwa, awe na karatasi ya daktari wa mifugo, apimwe pamoja na kikapu.

Mama mkubwa akauliza, "Batamuweka na mizigo?"

"Hapana, mama," karani akamjibu. "Ataikala chini ya kiti yenu."

Mama mkubwa akashusha pumzi, akaweka kikapu kwenye mzani. Paka alikuwa amelala, na sindano ya mzani ikayumba polepole kila alipopumua. Tuliitazama sote watatu, kelele za uwanja zikawa kama za mbali. Karani alingoja itulie. Mwishowe akaandika kilo nne, akamrudishia mama mkubwa kikapu chake kwa mikono miwili.