Kilo za Rubani

Usiku ule hakuna aliyelala mapema katika nyumba ya Rubani. Simu ililazwa katikati ya meza kama mgonjwa mahututi, watatu wakaizunguka: Rubani, mkewe, na binti yao aliyemaliza shule juzi. Mkaguzi wa ndege alikuwa ameahidi jibu siku hiyohiyo, na siku yenyewe ilikuwa inakwisha.

Rubani hakuwa rubani. Alikuwa fundi wa majokofu. Jina hilo alipewa na majirani kwa kebehi, naye akalipokea kama cheo. Tangu binti akiwa darasa la nne, alikuwa akiunda ndege ya mtu mmoja humo nyumbani. Injini ilikaa chini ya meza ya kulia, wakaizoea kama paka. Bawa lilining'inia koridoni, kila mgeni akapita ameinama. Siku kaka wa mkewe alipopita hivyo, Rubani alivimba kichwa: "Umeona shemeji anavyoniheshimu?"

Kitambaa cha mabawa kilinyooshwa kwa pasi ya nyumbani, na aliyenyoosha ni mke. Gundi ikaigandia pasi. Tangu hapo familia ikatembea na makunyanzi, mabawa yakanyooka kama shati la bwana harusi. Watu walipoyasifu, Rubani alisema, "Nilijitahidi."

Simu ikalia. Rubani akasoma ujumbe kwa sauti: kesho asubuhi ndege ikimbizwe uwanjani, isiruke, anayeiendesha atapimwa na mkaguzi mwenyewe, asizidi kilo sitini.

Akaleta mizani. Akapanda. Akashuka, akavua viatu. Akapanda tena, akavua mkanda. Miaka yote hiyo aliipunguza ndege uzito, msumari kwa msumari. Kitambi chake hakukihesabu.

"Mbovu hii," akasema, akampandisha binti. Mshale ukagusa sitini, ukatulia. "Basi utaikimbiza wewe."

"Baba, mimi baiskeli tu iliniangusha!"

"Baiskeli ina magurudumu mawili. Hii ina matatu."

"Si mkaguzi kasema isiruke?" mama akauliza.

"Haitaruka. Ila ikijiinua yenyewe kidogo, tufanyeje?"

Mama alimjua mumewe: hiyo "kidogo" ndiyo aliyokuwa akiiota miaka yote.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema.

"Kwani mimi si mzazi?"

"Wewe ulizaa ndege."

Rubani akaenda kulala, akanguruma vizuri kuliko injini yake. Kulipokucha alikuta kitanda cha binti kitupu. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kikaango kinalia.

"Mama watoto! Lori la kubeba ndege limefika. Mtoto yuko wapi?"

"Anakula."

"Anakula nini saa zote hizi?"

"Mkate, mayai, viazi. Sasa yuko kwenye jagi la pili la maji. Mizani ninayo huku, sitini tumeshaiaga."

"Mama, nimeshiba," binti akalalamika.

"Kunywa, mwanangu. Maji hayana mfupa."

Rubani akalainisha sauti. "Basi nifungulie, tuzungumze kama watu wazima. Hata mimi sijatia kitu kinywani."

"Na usitie. Ndege inakusubiri wewe, baba watoto. Ukifika sitini, nitakufungulia, na nitakusindikiza uwanjani kwa vigelegele."

Nje lori likapiga honi. Rubani akausukuma mlango kwa bega, kisha akaugandamiza kwa tumbo lake lote. Mlango haukutikisika.