Siku Nilipomwombea Danuta Radhi

Mwanangu, ipo Jumamosi moja mchana ninayoikumbuka kila nikisikia mtu akichekwa kwa kuacha njia aliyozoeleka nayo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, sijatimiza thelathini, mwepesi wa ulimi kuliko wa akili.

Nilifanya kazi kwenye makao ya wazee huku Lewisham, London, pamoja na Mpolandi mmoja, Danuta. Kwao alikuwa mwimbaji wa pop. Wasichana walibandika picha zake ukutani. Huku alikuja kulipumzisha jina lake, akaishia kukunja mashuka pamoja nami, mtu wa Morogoro mwenye sauti ya kwaya tu. Mwisho wa juma alikuwa akialikwa kuwaimbia Wapolandi wenzake nyimbo zake za zamani, nami nikimwitikia kwa lugha nisiyoijua hata salamu. Tukapigiwa makofi, kichwa kikanivimba.

Kumbe mwenzangu alikuwa amezichoka. Alitembea na kinasa sauti mfukoni: akinasa mashine ya kufulia, lifti, hata sauti ya bibi mmoja wa pale makaoni aliyemruhusu, bibi akihesabu vifungo vya sweta lake. Jumamosi hiyo akawasha jukwaani ngurumo za mashine alizozinasa, akaimba juu yake neno moja moja, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Watu wakanong'ona. Mmoja akapaza sauti akitaka nyimbo za zamani. Wengine wakavaa makoti.

Nikaona haya, mwanangu. Nikashika maiki nikasema, "Samahanini, leo mwenzangu anaumwa."

Danuta akazima kinasa sauti chake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kesho yake kanisani nikamsimulia Mama Riziki, Mkongo aliyetufundisha kwaya, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulimsingizia. Wale kuondoka ni haki yao. Lakini wewe ulisimama jukwaani pamoja naye. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, binti yangu. Wewe ulikuwa umempanda mgongoni, ndiyo maana hukutaka ageuke."

Ukweli ukiuma, jua umefika. Jumatatu nikamfuata Danuta chumba cha kufulia.

"Nilisema uongo kwa sababu niliona aibu. Nisamehe."

Alimaliza kukunja shuka kwanza. "Wimbo uliuelewa?"

"Hapana."

"Basi kaa usikilize. Halafu sema hukuelewa. Usiseme naumwa."

Nikakaa. Akanichezea wimbo ule tena na tena; mara ya tatu nikaisikia sauti ya yule bibi ikipanda polepole chini ya ngurumo, nikalia bila kujua kwa nini. Danuta akaniomba niimbe chochote cha kwetu. Nikaimba wimbo aliotubembelezea mama yangu utotoni. Ukaingia kwenye albamu yake mpya. Umaarufu ule wa zamani haukurudi, lakini kumbi ndogo zilimpokea, na uso wake ukatulia. Namshukuru mpaka leo. Mama Riziki, Mungu amrehemu, namshukuru zaidi: bila karipio lake ningempoteza rafiki huku najiona mwerevu.

Basi wewe uliyezaliwa hapa, unayenielewa Kiswahili ukanijibu kwa Kiingereza, lishike hili kwa lugha yoyote. Rafiki yako akibadilika, usimwombee radhi mbele za watu. Usipomwelewa, mwambie yeye, kisha keti usikilize. Na ukikosea, rudi mapema, aibu isije ikawa mazoea.

Mungu akujalie watu wa kukusamehe kama nilivyosamehewa mimi. Na siku utakapogeuka wewe, akuwekee japo mmoja asiyeinuka kitini.