Saa ya Kambale

Shemeji yangu tulimwita Kambale kwa sababu ya masharubu yake, na kwa sababu alikuwa anaishi kwenye matope. Kazi yake ilikuwa kuzamia bwawa la umeme na kukagua nondo zinazozuia takataka zisiingie kwenye mitambo. Mimi ni mshika kamba wake. Yeye anashuka amefungwa kamba kiunoni, mimi nabaki juu nimeishika. Kazi yangu ni kungoja, na anayesema kungoja si kazi hajawahi kumngoja mtu aliye chini ya maji.

Msimu wa mvua uliopita kuna mtu alifungua lango la maji ya mitambo wakati Kambale yuko chini. Maji yakamvuta, yakambandika kifua kwenye nondo. Kamba ilikaza mikononi mwangu, kisha ikatulia. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka, ndipo lango likafungwa. Alipotoka alicheka, akaomba chai, akasema kifo kimemwona kikakimbia masharubu. Tukacheka naye, wapumbavu sisi. Dada yangu, ambaye ni mkewe, ndiye aliyenieleza ukweli: tangu siku ile mumewe hawezi kujimwagia ndoo. Anaoga kwa kikombe, kidogo kidogo, macho wazi, na mlango wa bafu haufungwi.

"Ukimwambia mtu, undugu wetu umekwisha," dada alinionya. Nikafunga mdomo.

Basi asubuhi moja meneja akatukusanya kwenye kibanda cha vifaa, akafungua kisanduku mezani. Ndani kulikuwa na saa mbili za kuzamia, za bei ambayo sisi huwa tunaiona tu kupitia vioo vya duka. Macho hayana pazia, tukasogea. Zilikuwa matoleo mawili ya saa ile ile, uso mweusi na mishale inayong'aa. Moja ilikuwa ya chuma cha pua, nene, mkanda wa chuma. Nyingine ilikuwa nyembamba, imezungushiwa dhahabu, mkanda wa ngozi.

"Ngozi!" akasema fundi wa kuchomelea. "Hii ni ya kuzamia kwenye sofa."

Meneja akamgeukia Kambale. "Mzee, umetutumikia sana. Chagua moja, nyingine inarudi dukani. Ya chuma ni ya mtu wa majini, ukiichukua tutajua bado uko nasi. Ya dhahabu ni ya msimamizi. Ukiichukua, karibu nchi kavu, nafasi yako ataishika anayefuata."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Wazamiaji wana desturi yao: kifaa kipya hakilali kikavu. Mzamiaji akipewa miwani, kisu au saa, anashuka nacho siku hiyo hiyo mpaka kwenye nondo. Na siku hiyo ukaguzi ulikuwa unasubiri, mvua ilikuwa imeleta magogo. Halafu anayefuata, ambaye meneja alimtaja kama jambo dogo, ni binti wa Kambale mwenyewe. Alimfundisha kwa mikono yake, akamtembeza kwa kila mtu akijisifu.

Kambale aliomba nafasi afikirie. Akanivuta nyuma ya kibanda. Uso ulikuwa umemshuka.

"Shemeji, naogopa," akasema. "Naogopa vibaya. Nikifumba macho naziona zile nondo."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chukua ya dhahabu, yaishe."

"Nikichukua ya dhahabu anashuka mtoto. Niseme nini mimi? Kwamba maji yale hayanifai mimi, ila mwanangu yanamfaa?"

Akajifuta jasho, akasema atachukua ya chuma, liwalo na liwe. Hapo ndipo binti yake alipotokea, nguo ya mpira imemfika kiunoni. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo mjomba," akaniambia, adabu hata mahali pale. Kisha akaishika mikono ya baba yake. "Baba, ulinifundisha nini juu ya mtu anayeshuka na woga?"

Kambale akataka kuitoa mikono, binti hakuiachia.

"Ulisema anamaliza hewa kabla ya kazi. Ukikwama leo, nani atashuka kukutoa?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yake limevaa nguo ya mpira. Nilimwona akilitazama. Alirudi ndani, akachukua ya dhahabu, na wenzake wakamtania mpaka meneja akawanyamazisha. Yeye aliwaacha. Alikuja moja kwa moja ukingoni mwa bwawa, akaninyooshea mkono. "Nipe kamba."

Nikampa. Binti akafunga mtungi wa hewa mgongoni na ncha ya kamba kiunoni, akashuka ngazi, maji yakamfunika. Kamba ikawa inakwenda, inakwenda, halafu ikasimama.

"Imesimama," Kambale akasema.

"Amefika kwenye nondo. Anafanya kazi."

"Mbona anachelewa?"

"Hajachelewa."

Akataka kuivuta, nikamshika kifundo cha mkono, palepale penye ile dhahabu. Mshika kamba havuti kabla hajaitwa, unaweza kumng'oa mtu mahali alipojishikilia. Nilihisi mishipa yake inapiga. Mapovu yalitokea karibu na ukuta, yakapotea, yakatokea tena. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, kama siku zote, ila yeye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kungoja.

Akaachia kuvuta, macho kwenye maji.

"Dada yako," akasema, "miaka yote nikirudi nyumbani, kabla hata ya kunisalimia, ananigusa bega. Nilidhani ni mapenzi tu. Kumbe alikuwa anahakikisha."

"Shika kamba, shemeji," nikamwambia. "Bado hajapanda."