Kondoo Sita wa Shangazi

Nilipomaliza mafunzo ya ufugaji nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijua kila kitu. Sisemi hivyo kwa kujicheka. Wiki tatu nzima tulikaa katika ukumbi wa parokia mjini Bunia, watu kumi na wawili, wanawake tukiwa wawili tu, na daktari wa mifugo akatufundisha kukuza watoto wa kondoo wenye nguvu: kitovu kipakwe iodi, maziwa ya kwanza yale mazito ya manjano yasimwagwe, zizi lifagiliwe, na dume la mbegu lichaguliwe, lisiwe lile lililokosa mnunuzi sokoni. Niliandika yote katika daftari, Kifaransa ukurasa mmoja, Kiswahili ukurasa wa pili. Neno mwanakondoo tulilisikia kwenye Misa tu. Nyumbani tulisema mtoto wa kondoo, na ndivyo nilivyoandika.

Wakati huo tulikuwa bado Wazaire. Nilipewa baiskeli na vilima vilivyo nje ya Mudzipela, nikaambiwa niwafundishe wafugaji wa huko. Wa kwanza niliyemchagua alikuwa shangazi yangu, mdogo wa baba. Nilidhani kwake itakuwa kazi rahisi.

Shangazi alikuwa amefiwa na mumewe miaka mitatu kabla. Alikuwa na mabinti wanne, shamba la mihogo na maharagwe, na kondoo majike sita. Dume aliliazima kwa jirani. Siku niliyofika alinikalisha jikoni, akanimiminia chai, akanieleza hali yake bila kuzunguka.

"Bashemeji balikutana," alisema. "Banasema kondoo haikubali mukono yangu. Mvua tatu sasa, batoto ya kondoo inakufa. Mwaka huu ikikufa tena, batakuya kukamata zile mama sita, bazipeleke kwa mukubwa yao."

"Na shamba?"

"Weye unafikiri nini? Mujane bila kondoo, iko anabakia hapa ju ya nini? Batasema nirudie kwa baba yangu. Na baba yangu iko mu kaburi."

Hasira ilinipanda mpaka chai ikanishinda. Kila msimu ilikuwa jambo lile lile: kondoo anazaa vizuri, asubuhi anamkataa mtoto wake. Anamnusa, anampiga kichwa, na mtoto analia mpaka njaa imalize kazi. Majirani walisema kondoo wanamlilia bwana wao. Wengine walisema mkono wa shangazi ni mbaya, na hao walisema kwa sauti ya chini huku wakila maharagwe yake. Mimi nilisema huo ni upuuzi mtupu, kondoo hana habari ya nani amekufa, na msimu huu nitakuwepo mimi. Shangazi alinitazama kidogo, akauliza kama nitakunywa chai nyingine.

Nilimfundisha yote yaliyokuwa katika daftari. Alikuwa mwanafunzi mwema kuliko mimi nilivyokuwa. Alirudia kila jambo mara mbili, na alifagia zizi mpaka nikaona haya kwa kitanda changu. Mvua zilipoanza, kondoo wawili walizaa katika wiki moja. Niliporudi nilikuta mtoto mmoja amezikwa, na wa pili amelala katika kapu, ananyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Mama zao wote wawili walikuwa wanatafuna nyasi na hawana habari.

Nilimgombeza. Mpaka leo naona aibu, maana alikuwa shangazi yangu, na mimi nilisimama mbele ya mabinti zake nikamwambia kwamba lazima kuna jambo hakulifuata.

"Nilifuata yote," alisema. "Hata ile ya kunawa mikono."

Nikapanda baiskeli hadi mjini, nikamuuliza daktari wetu. Alifikiri, akasema labda majike yanakosa madini. Nikarudi na jiwe la chumvi. Kondoo walililamba kwa furaha kubwa na halikubadili chochote.

Wa tatu alizaa siku ya soko. Shangazi alitoka kuuza mihogo, mimi nilitoka mjini, tukakutana njiani na tukafika pamoja saa nane mchana. Tulimkuta jike nyuma ya shamba, na mtoto amekwisha kusimama, ananyonya, mkia unachezacheza. Mama anamlamba. Sijawahi kufurahia mgongo wa kondoo namna ile. Niliandika katika daftari: jike la tatu, amekubali.

Lakini wingu lilikuwa limejikusanya juu ya vilima, na huko mvua ikinyesha baridi inaingia ndani ya mifupa. Matone ya kwanza yalipoanguka, shangazi alimwinua yule mtoto, akamfunga katika kikwembe chake, kitambaa cha kiunoni, kama anavyofungwa mtoto wa mtu, akaingia naye jikoni. Akamlaza karibu na mafiga, chini ya kichanja ambapo samaki wa kutoka ziwani walikuwa wanakaushwa. Nilimwona akifanya hivyo kwa macho yangu mawili na sikusema neno. Nilimwona mwanamke mwenye huruma, basi. Mvua ikanizuia, nikalala huko.

Asubuhi alimrudisha kwa mama yake. Jike lile lile lililomlamba jana lilikuja mbio, likamnusa matakoni, likasimama. Likamnusa tena. Kisha likainamisha kichwa na kumtupa kando.

Nilimwokota mtoto na bila kufikiri nikaweka pua yangu mgongoni mwake. Alinuka moshi na samaki mkavu. Angekuwa wangu, hata mimi ningemkataa.

"Shangazi," niliuliza, "unawaleta wote jikoni?"

"Yote. Unataka ilale mu mvua?"

"Kwa nini wasilale zizini na mama zao?"

Akanishika mkono, akanipeleka zizini, akanionyesha juu. Nilikuwa nimeingia katika zizi lile mara ngapi, nikitazama chini kutafuta uchafu kama nilivyofundishwa, na sikuwa nimeinua macho. Nusu ya paa haikuwepo. Ilianguka mwaka ule ule mumewe alipozikwa. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba kuezeka, hata awe na nguvu za kubeba mihogo mpaka sokoni. Kazi hiyo ni ya mume, na mume akifa ni ya ndugu zake. Mwanamke akipanda, amewatangaza wakwe zake kwa kijiji kizima kwamba si watu, na hilo halisahauliki. Shangazi alikuwa amewaomba mara mbili. Walisema watakuja baada ya mavuno, na mavuno yalipita kila mwaka.

Nikamweleza. Kondoo hamjui mtoto wake kwa uso, anamjua kwa harufu, na mtoto akilala usiku mmoja katika moshi anarudi akiwa mgeni. Shangazi alikaa chini palepale penye matope.

"Basi ni miye," alisema. "Kila moja nilibeba na kikwembe yangu. Ni miye nilikuwa naziua."

Alilia, nami nililia pamoja naye. Nilitaka kumwambia si yeye, ni paa, lakini siku hiyo sikuwa mwalimu wa mtu. Baadaye tuliinuka kwa sababu mtoto alikuwa na njaa. Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, tukamkausha kwa nyasi za zizini, tukakamua maziwa ya mama yake na kumpaka mgongo mzima mpaka mkiani. Jike tukalifunga kwenye kona, shangazi akalishika kichwa, mimi nikamweka mtoto kwenye chuchu. Lilinipiga teke la goti ambalo nalikumbuka kila baridi ya mvua inapoingia. Tulirudia mara nyingi kwa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi tulilifungua, likamnusa, likaanza kulamba.

Zizi tulilitengeneza tukiwa tumesimama ardhini, ili mtu asije kusema tulipanda. Tulisimika miti minne mifupi katika kona moja, tukalaza juu majani ya migomba na turubai kuukuu niliyoiomba parokiani. Majike matatu yaliyobaki yalizalia humo. Mtoto mmoja alitoka amekufa, na hilo hutokea hata kwa wafugaji wakubwa. Wawili walikaa na mama zao usiku kucha katika baridi yote, na hawakuhitaji moto wa mtu. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipofundisha, kitovu na chumvi vilingoja. Nilianza kwa kuuliza watoto wanalala wapi, kisha nikaomba kuonyeshwa juu.

Mvua zilipopungua, mashemeji wawili walikuja kama walivyosema. Mkubwa alivaa abakosti ya kijivu, koti la heshima la wakati ule, lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na mdogo wake alibeba kamba mpya begani. Shangazi aliwapa viti. Mkubwa hakukaa. Alikwenda moja kwa moja zizini, akahesabu watoto wanne, yule wa kijiko akiwa mdogo kuliko wenzake lakini mtundu kuliko wote. Alirudi akijikuna kidevu.

"Basi mukono yako imepona," alisema.

Nilifungua mdomo. Shangazi aliniinulia kidole, nikaufunga.

"Mukono yangu haikugonjwa hata siku moja, shemeji," alisema, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. "Zizi ndiyo haina paa. Nilikuambia mara mbili, ukasema kisha mavuno. Sasa nililaza batoto ya kondoo jikoni ju ya mvua, moshi ikapoteza harufu yao, mama zao zikakataa. Njo hivyo ilikufa. Mvua tatu."

Mdogo alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na hotuba nzima tumboni, yenye Kifaransa ndani, na nilijivunia shangazi kuliko nilivyowahi kujivunia cheti changu.

"Hiyo kamba mulileta," shangazi aliendelea, "itatosha kufunga nyasi ya paa."

Shemeji mkubwa alilitazama zizi, safari hii juu. Kisha akafungua vifungo vya abakosti kimoja kimoja, akaivua, akamkabidhi mdogo wake, akauliza ngazi ya marehemu iko wapi.