Basi la Kwenda Kusafishwa Damu

Figo za mume wangu zilikufa tukiwa tumeshazoea Brussels, tumeshaacha hata kulalamika juu ya baridi. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Schaerbeek, na mashine ya kumsafisha damu ilikuwa Woluwe, hospitali ya chuo kikuu, mashariki ya mji. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi tulipanda basi. Hospitalini walimwambia anaweza kuletewa gari la wagonjwa hadi mlangoni. Akakataa.

"Nikipanda gari la wagonjwa nitakuwa mgonjwa," aliniambia. "Kwenye basi mimi ni abiria."

Basi akawa abiria. Alivaa koti lake la kazini ingawa kazi alishaachishwa, akaingiza kadi kwenye mashine ya mlangoni, akasimama ameshika bomba kama wanaume wengine. Mwanzoni ukimtazama usingejua kitu.

Asubuhi moja ya majira ya baridi, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa amekaa karibu na mlango alinyanyuka.

"Papa, ikala hapa. Miye nitasimama."

Mume wangu aligeuka nyuma kuangalia huyo papa ni nani. Yule mama alikuwa amemzidi umri, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Alipoelewa kwamba anaambiwa yeye, akakaa, akatazama dirishani safari nzima. Tuliposhuka akaniuliza, "Kwani inaonekana?"

Nikamwambia hapana. Uso wake ulikuwa umevimba, na ngozi imekuwa rangi ya majivu.

Tangu hapo yule mama akawa mwenzetu wa safari. Alikuwa akifanya usafi katika nyumba ya wazee hukohuko Woluwe. Aliongea Kiswahili chake cha Bukavu na Kifaransa ndani yake, sisi tukamjibu kwa Kiswahili cha Tanga, na mume wangu alipenda kumtania kwamba lugha yetu ameiharibu. "Bon, papa, alors wewe unifundishe," alikuwa akisema, na mume wangu akicheka. Hicho ndicho kicheko pekee alichokuwa amebakiwa nacho. Nyumbani hakucheka.

Jumatano moja daktari alituita. Alisema moyo umechoka sana, hauwezi kuhimili upasuaji wa kupandikiza figo nyingine. Mashine ingeendelea, lakini nyuma ya mashine hakukuwa na kitu cha kusubiri. Alituambia taratibu, kwa heshima, na tukamshukuru.

Kwenye basi la kurudi mume wangu alitapika. Aliwahi kuvua kofia akatapikia humo, ila matapishi mengine yakamwagika chini. Hakuna aliyetugombeza. Watu walisogea tu, mmoja mmoja, mpaka pakawa na uwazi mkubwa pande zote, na sisi wawili katikati yake. Nilivua mtandio wangu nikapiga magoti nikawa nafuta sakafu, basi linanisukuma huku na huku.

"Acha," akasema. "Mke wangu, acha. Inuka ukae."

Nikakaa.

"Keshokutwa sipandi."

"Tutapiga simu, walete lile gari."

"Sipandi chochote. Sirudi kule tena."

Nilimwambia asiseme maneno hayo. Nikamwambia nimpigie binti yetu Tanga, ayasikie mwenyewe. Kisha nikamwambia, kwa hasira, kwamba hajui mtu akiacha mashine anakwenda siku ngapi.

"Najua. Wiki moja, labda mbili. Nilimuuliza daktari."

"Ulimuuliza lini?"

"Mwezi uliopita. Ulipokwenda kununua kahawa."

Kumbe mwezi mzima alikuwa akipanda basi kwa ajili yangu. Tulipita kituo chetu tukashuka cha mbele, tukarudi kwa miguu polepole, amenishika bega.

Ijumaa alilala mpaka jua likapanda. Nilikaa jikoni nimevaa koti na viatu, nikitumaini ataamka aseme twende. Hakusema. Alifariki katika wiki ya pili, mchana, mimi nikiwa namnywesha maji kwa kijiko. Binti yetu alinyimwa viza, akafuata mazishi ya baba yake kwa simu niliyoinua juu ya vichwa vya watu.

Yule mama wa Kikongo ndiye aliyenitafutia kazi pale alipokuwa akisafisha yeye. Nilishukuru, nikakubali, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kuishi. Siku ya kwanza alinishika mkono mpaka tukafika. Alistaafu baadaye, mimi nikabaki. Kila asubuhi basi linasimama mbele ya ile hospitali, milango inafunguka, baridi inaingia, na wagonjwa wanashuka na watu wao. Nimejaribu kuzoea. Imekuwa miaka, na bado mikono yangu inakufa ganzi kabla hatujafika pale.